Kisiki Namba Kumi na Saba

Geti ni kamba ya katani na kipande cha bati:
KARIBU MSITU WA KIJIJI CHA CHILONJE.
Wakubwa elfu mbili, wanafunzi mia tano,
mbuzi hawaruhusiwi kwa bei yoyote.
Kijana wa risiti ana kalamu inayokata roho,
akaipumulia ncha, akaandika tena,
jina langu likatoka nusu wino, nusu mkwaruzo.

Tumetoka Dodoma mjini baada ya ibada ya kwanza,
Nyemo na daftari lake la sayansi,
mimi na viatu vya ofisini.
Mwezi wa kumi. Vumbi jekundu mpaka kwenye kope.
Miti haina jani la kujifichia.

Mwongoza njia wetu ni Bi Sechelela:
kofia ya kijani, kandambili,
panga hana, kiunoni filimbi tu.
Kabla ya hatua ya kwanza akatufumbisha macho.
"Hesabuni sauti. Kimya mpaka nipulize."
Mimi nilisikia lori la barabara kuu
na tumbo langu.
Nyemo alipata kumi na moja:
njiwa, kigogota,
mchwa chini ya jani kavu (anaapa),
upepo wa juu, upepo wa chini,
"na baba anavyohema."

Tukaingia.
Huu mkole. Huu mfuru,
ukila tunda lake tema kokwa hapo hapo,
usiende nalo mjini,
acha msitu ujipande kwa midomo yetu.
Yule pale mlembe, ndege anayedai:
anakufikisha kwenye asali, nawe umwachie sega.
Ukimdhulumu, safari ijayo
anakufikisha kwa chui.
Sechelela anacheka akilisema hilo,
lakini sega, anasema, huwa anaacha.

Kituo chenyewe ni chumba kimoja,
matofali mabichi ambayo hayajaonja moto.
Ndani fuvu la digidigi, manyoya ya kanga,
na kinyesi cha fisi, cheupe kama chaki.
Nyemo akaandika KINYESI kwa herufi kubwa,
akapiga mstari mara mbili,
akaniambia shule ingekuwa hivi asingeugua Jumatatu.

Nyuma ya kituo visiki vina namba za rangi nyeupe.
Kumi na saba ni mninga.
Katikati mweusi, pembeni machipukizi sita
yamenizidi kimo.

"Nani aliukata?" Nyemo akauliza.

"Mimi," akasema Sechelela,
kama mtu anayetaja tarehe yake ya kuzaliwa.
"Mimi na mume wangu, mwaka ule wa njaa,
mtama uliponyaukia kwenye masuke.
Ulitoa magunia tisa.
Tuliyauza pale kwenye kona ya lami
kwa watu wa magari."

Nikatazama kandambili zake.
Naijua ile kona.
Palikuwa na mwanamke anashona mdomo wa gunia,
nikamwambia, "Hiyo si rumbesa, mama, punguza."
Alikuwa yeye au mwenzake, sijui,
sikumtazama usoni,
nilitazama mkaa.
Akapunguza elfu mbili.
Elfu mbili hiyo ndiyo nimelipa getini.

Nyemo anahesabu maduara ya kisiki kwa kidole,
anafika arobaini na mbili, anapotea, anaanza upya.
"Baba, ulikuwa mkubwa kuliko wewe."
"Ulikuwa," nikasema.
"Bado," akasema Sechelela. "Chini huko
ni mkubwa vile vile."

Sikupata la kujibu. Nikauliza choo kiko wapi.

Saa nane filimbi ikalia, tukarudi kwenye gari.
Nilipofungua buti kutoa maji
chenga nyeusi zilikuwa bado kwenye zulia,
za mwezi uliopita, za mwaka uliopita, sijui.
Nyemo akachovya kidole,
akachora kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari:
kisiki,
machipukizi sita,
na pembeni mtu mfupi amevaa viatu vya ofisini,
hana uso.

Nikamwambia afunge mkanda.